Vichwa Kumi na Kimoja Vikimngoja Mjapani

Nyinyi mnaonyoa kwa mashine zisizo na waya, ambao mteja akipiga chafya mnazunguka naye huku na huku bila kujikwaa, hebu kaeni. Sisi waya ulikuwa unatufunga miguu. Nimenyoa hapa Mayfair, Johannesburg, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na katika miaka yote hiyo nimemkata mtu sikio mara moja tu, na sikio lenyewe lilikuwa limejitokeza kupita kiasi. Lakini kosa kubwa la kazi yangu sikulifanya kwa mashine wala kwa wembe. Nililifanya kwa mdomo, kwa ajili ya mchezo ambao mpaka leo sijui sawasawa unachezwaje, na nikakaribia kumharibia binti yangu harusi.

Kwanza niwape kazi, maana najua hadithi mtazisikiliza tu na kazi mtaisahau. Aliyenifundisha ni Fundi Kombo, mtu wa Unguja aliyekuwa na kibanda chake Newtown. Miezi mitatu ya mwanzo hakuniruhusu kugusa kichwa cha binadamu. Alinipa maputo. Napuliza puto, nalipaka povu la sabuni, nalinyoa kwa wembe mpaka povu liishe na puto libaki zima. Wateja walikuwa wamekaa mbele wakinyolewa, huku nyuma yao inasikika pa! pa! na Fundi anawatuliza, "Msijali, huyo bado mwanafunzi." Ndipo nikajua kwamba mkono mwepesi unatoka kwenye pumzi. Ukifika kwenye ukingo wa nywele pale juu ya paji, toa pumzi taratibu, wala usiivute. Kwenye video zenu hawalisemi hilo.

La pili alilonifundisha lilikuwa habari ya picha. Mteja anaingia na picha ya mchezaji au mwimbaji, anataka atoke vile vile. Fundi Kombo alikuwa anaichukua ile picha, anailaza kifudifudi mezani, kisha anakishika kichwa cha mteja kwa mikono miwili na kukibonyezabonyeza kama mama anayechagua nanasi sokoni. "Huyu wa kwenye picha alinyolewa asubuhi, akapigwa picha mchana," alikuwa akisema. "Jioni alifananaje, wewe hujui." Maneno hayo nimewarudishia wateja wangu maisha yangu yote. Kwa hiyo msije mkasema mwenzenu sikuonywa.

Jambo jingine. Duka langu lilikuwa na televisheni ukutani, lakini haikuwa na sauti. Zamani niliiacha iseme, mpaka siku moja mtangazaji wa kandanda akapiga ukelele wa goli, mkono wangu nao ukashangilia, na mwalimu wa madrasa akatoka dukani kwangu na unyusi mmoja. Tangu siku hiyo sauti nikaizima kabisa. Wateja walikuwa na maneno ya kutosha wao wenyewe.

Mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa Papa Mulumba, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mlango wa pili kutoka kwangu. Cherehani yake ilikuwa inapumzika sana, kwa sababu mwenyewe alikuwa kwangu. Mwenye maneno machache alikuwa Bwana Tanabe, Mjapani, mhadhiri wa chuo kikuu pale Braamfontein. Ujanani alifundisha hisabati Morogoro, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha duka zima. Alikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikimaliza tu kufungua, akisema, "Samahani kwa kuwahi."

Na kulikuwa na yule dereva. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Alikuwa kijana wa Buyenzi, Bujumbura, anaendesha basi la jiji, na alikuwa amemchumbia binti yangu Mwana. Mimi nilikuwa nimemtengenezea Mwana mume kichwani mwangu tangu alipokuwa mdogo: mtu wa Tanga kama sisi, mwenye ofisi, tai, na sauti nene. Mama yake Mwana alikuwa ameshakubali posa, na mimi nilikubali kwa sababu nilichoka kukataa. Kila Jumanne kijana yule alipita kunisalimia kabla ya zamu, akaketi mwisho wa benchi karibu na mlango. Nilimwitikia salamu yake na kuendelea na kichwa kilichokuwa mbele yangu. Miaka miwili alikuja hivyo hivyo, na miaka miwili jina lake halikutoka kinywani mwangu.

Sasa tuje kwa Mjapani. Asubuhi moja Bwana Tanabe alitoa simu yake, uso umemng'aa, akatuambia kwamba kuna mpigaji wa besiboli aitwaye Shirakubo, kijana wa wilaya ya kwao kabisa, anahama kwenda kucheza ligi kubwa ya Marekani. Akatuonyesha kipande cha video. Mtu anarusha mpira, Shirakubo anazungusha gongo, mpira unapaa, unapita juu ya watu, unapita juu ya taa, unatoka nje ya uwanja, unapotea.

"Rudisha!" akasema Papa Mulumba, ambaye kila mzee kwake ni "vieux", kwa Kifaransa cha kwao. "Vieux Tanabe, rudisha ile!"

Akairudisha. Tuliitazama mpaka simu ya watu ikazima.

Kwa wale msiojua, na mimi ni mmoja wenu, mchezo uko hivi. Mmoja anarusha, mwingine anapiga. Akipiga anakimbilia kituo cha kwanza, na viko vinne kwa jumla mpaka arudi alipoanzia. Lakini mpira ukitoka nje ya uwanja, anavizunguka vyote kwa maringo huku anapunga mkono. Sisi watu wa kandanda tuliamua palepale kwamba kuutoa nje ndiyo goli, na mengine yote ni kupasha misuli moto.

"Samahani, Mzee," akasema Bwana Tanabe. "Huyu kwa kawaida..."

"Kwa kawaida atauwa batu!" akadakia Papa Mulumba. "Ule mupira ukianguka kwa gari ya mutu, njo mwisho ya gari!"

Basi duka zima likashika moto. Tulikuwa na miezi miwili ya kungoja ligi ianze, na katika miezi hiyo Shirakubo alikua. Wiki ya kwanza alikuwa mpigaji hodari. Wiki ya tatu alikuwa hodari kuliko wote waliopata kushika gongo. Wiki ya sita Papa Mulumba alikuwa anaeleza, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, kwamba Wamarekani wanajenga ukuta mrefu zaidi kwa hofu. Akashona shati la kitenge lenye jina la Shirakubo mgongoni. Wateja watatu walikuja na picha ya Mjapani yule wakitaka nywele zao zilale kama zake, nami badala ya kuilaza picha kifudifudi nikaibandika kwenye kioo. Bwana Tanabe alijaribu tena, "Lakini jamani, yeye hasa..." na tena akamezwa. Kwa kuwa ni mtu wa adabu, akanywa chai yake.

Asubuhi ya mchezo wa kwanza duka lilijaa. Kule Marekani ilikuwa jioni, upande wa mbali unaoelekea Japani, kwa hiyo kwetu mchezo ulikuwa ukimalizikia wakati ninapofungua. Bwana Tanabe hakuwepo, alikuwa amesafiri kwa kazi za chuo. Lakini kumi walikuwa kwenye mabenchi, pamoja na yule dereva kwenye nafasi yake ya mlangoni, maana ilikuwa Jumanne. Mimi wa kumi na moja nilikuwa nimesimama katikati, wembe mkononi. Sijui nini kilinipanda. Nikaunyanyua ule wembe na kusema kwa sauti ya khatibu:

"Wallahi, sinyoi kichwa changu wala kichwa cha yeyote aliyemo humu mpaka Shirakubo autoe mpira nje ya uwanja!"

"Amina!" duka zima likaitika, hadi Papa Mulumba ambaye ni muumini wa kanisa la uamsho.

Mimi nilikadiria siku mbili. Tatu, kama mvua ingenyesha kule.

Jaribuni kunielewa, vijana. Kinyozi alikula yamini ya kutonyoa. Sijapata kusikia mvuvi aliyeapa kutoloa.

Shirakubo akaingia, akashika gongo, akaugusa mpira kidogo tu, ukadunda katikati ya watu wawili, naye akakimbia mpaka kituo cha kwanza akasimama.

"Anaanza na heshima," akasema Papa Mulumba. "Ni mugeni."

Kesho yake akafanya vile vile. Keshokutwa vile vile. Kila asubuhi tulimkuta kwenye kituo cha kwanza amesimama anafuta vumbi suruali, na kila asubuhi tulishika tama. Bwana Tanabe aliporudi tukamweleza habari ya kiapo. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mmeshaapa?"

"Tumeshaapa."

"Basi nawatakia subira njema," akasema, akaketi nimpunguze nywele. Yeye hakuwemo siku ile, kwa hiyo kiapo hakikumgusa. Akawa ndiye mteja pekee nadhifu katika duka langu.

Wiki zikapita, nywele zikaota. Zangu ni mvi, na hazikwenda juu, zilikwenda pembeni, kwa hiyo kutoka mbele nilionekana nina masikio mawili ya ziada. Papa Mulumba ana upara katikati, akaota pembezoni tu, kiota kinangoja ndege. Baridi ya Johannesburg ilianza na kofia za sufu hazikutuingia. Mteja asiye wa kiapo akichungulia mlangoni, akaona vichwa kumi na kimoja vya namna ile, na cha kinyozi mwenyewe kikiongoza, alisema, "Samahani, nimepotea," hata kama jana yake alikuja hapo hapo. Funzo la kazi hapo: kichwa chako ndicho kibao cha duka lako. Mnyoe mtu vizuri namna gani, atakutazama wewe kwanza.

Nilikuwa na njia ya kujitoa, maana dini imeweka kafara ya kiapo, lakini nilikuwa na kiburi pia. Nilisema mbele ya watu, na mtu mzima harudi nyuma mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kila asubuhi nikichana masikio yangu ya ziada.

Ndipo Jumatatu moja Mwana akaja dukani. Yeye amezaliwa hapa, anafundisha watoto wadogo, na Kiswahili hukitumia akiwa na hasira tu, hivyo aliposalimia kwa Kiswahili nikajua mambo yameharibika.

"Baba, eish. Nikah ni Ijumaa hii."

"Naijua."

"Umemwona Idrisa?"

"Yule dereva?"

"Ana jina, Baba." Akavuta pumzi. "Kofia yake ya kazi haimwingii. Inakaa juu juu tu. Juzi amekanyaga breki kwenye robot, taa imewaka nyekundu, kofia ikaruka ikaangukia abiria. Bosi wake amemtoa kwenye usukani. Sasa hivi anaosha mabasi, na ameambiwa akifika Jumatatu bado vile, asirudi."

Nikamwambia hakuna aliyemzuia kwenda kwa kinyozi mwingine, vinyozi wamejaa kutoka hapa mpaka mjini.

"Ndicho nilichomwambia. Amekataa. Anasema ni kiapo chako na yeye yumo. Mimi sitaki kuolewa na kichaka, Baba. Ijumaa akiingia msikitini vile, mimi sitoki nyumbani." Akafika mlangoni, akageuka. "Na nitakayemnunia si yeye."

Hapo nikaogopa. Mwana akinuna, hununa kwa miaka. Kuna shangazi yake Tanga aliyemcheka siku moja kwa matamshi yake, na mpaka leo anapelekewa salamu za Idi kupitia mtu wa tatu. Nikaona nyumba yangu ya uzeeni, wajukuu wanakua, na mimi napata habari zao kupitia mtu wa tatu.

Asubuhi ya Jumanne nikamvaa Bwana Tanabe kabla hajaketi. "Bwana, niambie kweli. Shirakubo atautoa mpira lini? Leo? Kesho? Nina harusi."

Akaweka kikombe chini taratibu. Papa Mulumba safari hii akanyamaza, na labda lingekuwa jambo zuri kama angelifanya hivyo mwezi wa kwanza.

"Mzee, Shirakubo si mpigaji wa namna hiyo. Hata nyumbani, mwaka mzima huutoa nje mara chache sana. Kazi yake ni kufika kituo cha kwanza. Na kila siku anafika."

"Na ile video?"

"Ile ilikuwa siku yake ya bahati. Na upepo pia ulisaidia."

Nikaketi kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea, jambo ambalo sijapata kulifanya mbele ya mteja.

"Mbona hukutuambia?"

"Nilijaribu. Halafu mkawa mmeshaapa, nikaona kuwaambia si adabu." Akainama kidogo, kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Lakini msimsikitikie. Kule wanamsifu sana. Watangazaji wanasema hakuna mgeni aliyeanza vizuri kama yeye."

Watangazaji! Sauti niliizima mimi mwenyewe. Wiki zote zile Wamarekani wanamshangilia, na sisi tumekaa chini ya televisheni bubu tunamwombea dua ya mgonjwa.

"Vieux," akasema Papa Mulumba kwa masikitiko, "kumbe tunalia matanga ya mutu mwenye iko muzima!"

Nikafunga duka, nikaenda msikitini kwa shehe wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia kabisa, isipokuwa mabega. Alipomaliza kutikisika akaniuliza nani aliyetamka Wallahi. Nikasema mimi. Na wengine? Walisema amina.

"Basi kiapo ni chako. Hao wengine wana nywele tu." Akanipa hukumu: nitoe kafara ya kiapo, nilishe masikini kumi, kisha ninyoe nitakavyo. Nikamuuliza kama naweza kufunga siku tatu badala yake, maana niliona ni rahisi zaidi kuliko kuwaambia watu. "Kufunga ni kwa asiyeweza kulisha," akasema. "Wewe una sufuria, na mkeo anajua kupika. Nenda."

Jumatano mimi na Papa Mulumba tukatoka kutafuta masikini kumi. Mnadhani katika mji huu hilo ni jambo jepesi? Tulianzia kwenye robot, kwa bwana mmoja ambaye miaka yote ameshika kadi ya karatasi ngumu inayosema ana njaa. Tukamkaribisha pilau ya Alhamisi mchana. Akafikiri sana. "Alhamisi nina mahali," akasema. "Ingekuwa Ijumaa." Tukaenda kwa mlinzi wa magari mwenye kizibao cha njano. Akachukia. "Mimi maskini, mzee? Mimi?" Akatoa mfukoni simu mbili, akatuonyesha moja baada ya nyingine, pande zote. Mzee mmoja wa Kisomali aliyekuwa amejilaza ukutani, nguo zake zimechakaa, akatuambia jengo lile alilolala chini yake ni lake.

Jua likapanda, tukachoka, tukasimama mbele ya spaza, kiduka cha mama mmoja wa Kizulu, ili Papa Mulumba aifunge kamba ya kiatu. Yule mama akatutazama kupitia nondo za dirisha. Akatazama masikio yangu ya ziada, akatazama kiota cha Papa Mulumba. Akatikisa kichwa kwa huruma, akatukatia nusu mkate, akapaka siagi, akatupa na chupa ya soda tugawane. "Mungu yupo, wazee wangu," akasema.

Tulikula. Tungefanyaje? Nilitoka nyumbani kutafuta masikini na nikarudi nimelishwa kama maskini.

Alhamisi mama yake Mwana akapika nyuma ya duka, sufuria la shughuli, mbuzi na viungo vyote. Mchana ulipofika tulikuwa na watu watatu, mmoja wao shehe, ambaye alikuja kuhesabu. Kisha mke wangu akafunua kifuniko ili ageuze wali. Harufu ikatoka uani, ikapinda kona, ikafika barabarani, na umaskini ukaenea Mayfair yote. Bwana wa robot alikuja, kumbe kule alikokuwa na mahali wamemwahirishia. Mlinzi wa magari alikuja. "Mzee, moja imeharibika," akaninong'oneza, akimaanisha simu. Alikuja hata mwenye jengo. Shehe akachagua kumi anaowajua yeye hali zao, wakahudumiwa kwanza kwa heshima, na waliobaki wakala kama wageni. Papa Mulumba alikula kama mgeni mara mbili.

"Umetoka kwenye kiapo," shehe akaniambia akinawa mikono. "Na usiape tena kwa ajili ya Mjapani."

Ijumaa alfajiri walikuwa wamepanga foleni nje. Shikeni hili la kazi, maana ni la maana: nywele za wiki nyingi usizivamie kwa mashine. Mashine itasongwa, itavuta, mteja atalia. Anza na chanuo pana, halafu mkasi, ukipunguza kidogo kidogo kutoka kisogoni, na mashine iwe ya mwisho. Tia mafuta meno yake kabla, si baada. Na bwana harusi anakuwa wa kwanza, hata kama fundi cherehani wa jirani anapiga kelele kwamba amekuja usiku wa manane kushika nafasi.

Basi akakaa kwenye kiti. Miaka miwili alikuja dukani kwangu, na sikuwahi kumwita kwenye kiti. Alikuwa akinyolewa mahali pengine, kisha anakuja kwangu kunisalimia. Nikamfunga shuka, nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili. Kichwa kizuri, kimekaa sawa, hakina kona. Nikaanza na chanuo, nikafuata na mkasi. Televisheni ilikuwa inawaka ukutani bila sauti na wenzake wote macho yapo huko.

Nilitaka kuomba radhi, lakini niliishia kugomba, maana ndivyo nilivyo. "Wewe nawe," nikasema. "Shehe amesema kiapo kilikuwa changu peke yangu. Ungeweza kwenda popote. Umepoteza usukani, umechekwa na abiria, umemtia mwenzio kiwewe. Kwa nini hukwenda kunyoa?"

Alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Mzee, siku ile ulisema, yeyote aliyemo humu."

"Nilisema."

"Mimi nilikuwemo." Akatabasamu kwa aibu. "Miaka miwili nakuja kukusalimia. Siku ile ndiyo ya kwanza ulinihesabu. Sikutaka kutoka."

Mkasi ukasimama wenyewe. Niliona haya, vijana, haya ambayo sikuyaona hata mbele ya yule mama wa spaza. Nilikuwa nimepiga kelele za kipuuzi na wembe mkononi, bila kumtazama hata usoni, na yeye akazipokea kama jibu la posa. Alikuja kila Jumanne, mvua au baridi, akaketi, akasalimia, akaenda kazini. Nami nilikaa namngojea mtu mwingine kabisa, mwenye tai.

"Vieux, angalia!" Papa Mulumba akapiga kelele nyuma yangu. "Iko anashika gongo! Leo njo leo!" Mabenchi yakagongana, wote wakasimama. Mkiniuliza Shirakubo alifanya nini asubuhi ile, mimi sijui. Sikugeuka.

Nikaweka mkasi mezani, nikajifuta uso kwa taulo la wateja.

"Idrisa," nikasema, na midomo yangu ilikuwa mizito kwa jina lile jipya, "ningoje kidogo, mwanangu. Macho hayaoni vizuri."

"Sina haraka, Mzee," akasema mtu aliyekuwa anaoa siku ile.